Siku Tuliyomlilia Konchita Akiwa Hai

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo, jikoni au kwenye lori. Leo tunamkumbuka doña Eduviges Arreola wa kijiji chetu cha San Onofre, aliyefariki Jumatatu akiwa na miaka themanini na mmoja. Narudia: ni doña Eduviges. Si doña Konchita. Tafadhali msianze tena.

Doña Eduviges aliuza gordita, vile vimkate vinene vya mahindi vilivyojazwa maharage, kando ya chemchemi ya La Borrega, na aliipenda chemchemi ile kuliko baadhi ya wakwe zake. Ndani yake wanaishi konokono wadogo kama punje za ufuta. Hawapatikani chemchemi nyingine yoyote. Narudia: nyingine yoyote. Sisi tuliwakanyaga miaka nenda miaka rudi, hasa Siku ya Mtakatifu Yohana, kijiji kizima kinaposhuka alfajiri kuoga, na sabuni zetu, na shampuu zetu, na mbwa wetu.

Mwaka mmoja, mkesha wa sikukuu hiyo, doña Eduviges alikuta magamba matupu yamejaa kingoni, pale tunapofulia. Akajua sabuni ya kesho itawamaliza waliobaki. Alikimbilia kwa don Librado, muuza tortilla, chapati zetu za mahindi, mwenye kipaza sauti. Kwetu gamba dogo huitwa konchita. Don Librado hakuwepo, basi akakishika kipaza sauti na kutangaza mwenyewe: konchita wanakufa chemchemini, njooni! Lakini kipaza sauti kile kibovu kilimeza nusu ya maneno. Tulichosikia ni “Konchita”, “kufa” na “chemchemini”.

Na doña Konchita Zertuche alikuwa jirani yetu sote.

Tulishuka na nguo nyeusi na mishumaa. Doña Eduviges alipouona umati alifurahi mno. Kumbe watu wanawajali konokono kiasi hiki! Hata padre kaja!

“Alikuwa na ulimi mrefu,” don Librado akasema akijifuta macho, “lakini Mungu amsamehe.”

“Konokono gani ana ulimi mrefu?” akauliza doña Eduviges.

Nyuma yao ikasikika sauti. Ni doña Konchita, kabeba birika la kahawa ya msiba. “Jamani, nani kafa?”

“Wewe,” don Librado akamjibu kabla hajafikiri.

“Na ulimi ninao bado, mshenzi wewe!”

Tulicheka hadi mishumaa ikazimika. Doña Eduviges hakucheka. Aliangua kilio. “Mmemlilia mtu mzima wa afya. Hawa wanaokufa kweli nani awalilie?” Akachota maji kwa glasi, akaipitisha mkono kwa mkono. Tukachungulia. Punje moja ikatembea.

Doña Konchita aliitazama kwa makini kuliko wote. “Shoga, ndio hawa wajina wangu?”

“Ndio hao.”

Akatugeukia. “Kesho atakayeshuka na sabuni, nguo nyeusi asizivue. Kwao zitahitajika.”

Tangu hapo tunaoga kwa maji matupu, na konokono wangalipo. Harufu yetu ni suala jingine.

Jana, baada ya maziko, doña Konchita alituambia: “Mimi nilililiwa bure. Yeye kaniachia konokono wake, na hawajui hata kupiga soga.” Kisha akalia.

Tunampa pole mwanawe Eleuterio na ukoo wote wa Arreola. Familia inaomba maua yasitupwe chemchemini, kwani ya dukani yamepuliziwa dawa. Nendeni mkaketi pale, mtazame maji, mfikirie ni nini kingine tunakikanyaga bila kukijua. Na ukishindwa kujizuia, msikilizaji mpendwa, lia tu. Ila rudi nyuma kidogo. Machozi yana chumvi.