Dada Aliyeogopa Giza

Mpendwa wetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Tuseme ukweli mbele ya jeneza lake: alikuwa mwoga. Hata sekondari alilala taa ikiwaka, wenzake bwenini wakambatiza Mama Taa.

Ajabu, mwaka 1991 alihitimu chuo na kuchagua kazi ya altrasaundi, inayofanyika katika chumba chenye giza. "Mle nina mgonjwa," alijitetea. "Tunaogopa wawili." Mwaka 1994 aliolewa na fundi umeme, mawifi wakasema huyu hakufuata mume, kafuata taa.

Mwaka 2003 mdogo wake alipata uvimbe tumboni, kando ya kovu la upasuaji wa uzazi. Daktari mmoja alisema ngiri, mwingine akanong'ona kansa, na nyumba nzima ikakosa raha. Marehemu alimlaza mwenyewe, akapasha jeli moto viganjani, akaweka kifaa. Kwenye kioo kikatokea kitu cheusi, kingo zake hazikunyooka, kimejificha ndani ya ukuta wa tumbo. Akakisogeza kifaa, akakirudisha pale pale.

"Dada, nakufa?"

"Hebu subiri. Huwa panauma lini?"

"Nikiwa kwenye siku zangu. Kila mwezi."

Akamwambia arudi siku hizo hizo. Aliporudi, uvimbe ulikuwa umekua. Marehemu akaandika kwamba, kwa maoni yake, ni nyama kama ya ndani ya kizazi iliyoota kwenye kovu, inayovimba kila hedhi, wala si kansa. Kisha akaenda chooni kutapika, kwa hofu kwamba amemdanganya mdogo wake. Uvimbe ulikatwa, ukapimwa maabara. Hakuwa amekosea.

Oktoba 2024 alianza kuumwa ini. Alilala kwenye kitanda kile kile alichowalaza wengine, akaomba ageuziwe kioo. Alikitazama, akajisomea majibu mwenyewe. Alasiri ya Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, alimshika mdogo wake mkono.

"Naogopa."

"Tunaogopa wawili, Dada."

Hakuuachia mkono ule mpaka mwisho.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko. Leo kwetu ni kilio. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, na mdogo wake, anayewasomea haya akiwa hai na mwenye hofu. Mumewe ameomba tumzike saa sita, jua likiwa la utosi. Apumzike kwa amani, mahali pasipozimwa taa.