Dada Yetu, Mpimaji wa Mlima

Ndugu, jamaa, majirani, na wenzake wa kituo cha uchunguzi wa volkano: familia imenikabidhi mimi, mdogo wake wa pekee, kazi ya kusoma wasifu huu wa marehemu dada yangu. Mpwa wangu aliyeupeleka kuchapwa aliniomba nifikirie mara mbili kabla ya kusoma ukurasa wa mwisho. Nimefikiria mara nyingi zaidi ya mbili. Nitausoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Aprili 1951 katika mtaa wa juu, kwenye nyumba ya mwisho kabla ya msitu, akiwa mtoto wa kwanza wa mama mshonaji na baba fundi seremala. Alianza shule ya msingi mwaka 1958. Tangu akiwa darasa la nne alikuwa akiweka bilauri ya maji katikati ya meza wakati wa chakula cha mchana, na hakuna aliyeruhusiwa kuegemea meza mpaka ahesabu mara ngapi maji yametikisika. Baba alikula akiwa amekaa wima kama anapigwa picha. Mimi nilikuwa nikiipiga meza teke kwa chini, na dada aliandika mateke yangu yote kwenye daftari lake kama matetemeko.

Alimaliza sekondari mwaka 1970, akasomea miamba chuo kikuu, kisha akapelekwa ng'ambo miaka miwili kusomea volkano. Tarehe 1 Julai 1976 aliajiriwa kituoni, kwenye vile vyumba vitatu vya bati vilivyo nyuma ya tangi la maji. Kila wiki alipanda hadi ukingo wa kasoko, yaani mdomo wa mlima, kupima joto na gesi ya salfa. Nguo zake zilinuka mayai yaliyooza hata zikifuliwa mara tatu.

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1980 na dereva wa kituo, aliyekuwa akimpandisha mlimani kila wiki. Shemeji yangu huyu, mliyekaa naye hapo mbele, alikuwa akisema alimwoa ili awe wa kwanza kuambiwa akimbie. Mungu aliwajalia watoto wawili.

Februari 1991 mlima ulitetemeka kwa siku nyingi, na kwa ushauri wa marehemu watu wa mtaa wa juu wakahamishiwa chini. Walikaa kwenye madarasa ya shule siku ishirini na mbili. Kila walipomuuliza utalipuka lini, alijibu, "Sijui. Labda kesho." Haukulipuka. Tuliporudi, nguruwe pori walikuwa wamemaliza mahindi na kuku walikuwa wameibwa. Hapo ndipo akaitwa Mama Kesho. Jina hilo nililitunga mimi, tena nikiwa nimeshiba sifa. Dada alikuwa akilisikia sokoni, dukani, hata kwa watoto wa shule, na hakuwahi kumfokea mtu. Lakini Shemeji aliniambia kwamba ndani ya gari dada alikuwa akilia.

Tarehe 5 Oktoba 1998 alitushusha tena. Safari hii aliwaruhusu wenye mifugo kupanda kila asubuhi, kuanzia saa moja hadi saa tano, wakalishe na kukamua. Penye kizuizi cha barabara alisimamisha ubao wa misumari. Kila mtu alikuwa na kipande cha bati chenye namba yake. Ukipanda unakitundika, ukishuka unakichukua. Ubao ukiwa mtupu, maana yake mlimani hakuna mtu.

Siku ya tisa, tarehe 14, saa mbili asubuhi, vipimo vilionyesha gesi imekwisha karibu yote. Kituoni vijana walipiga makofi. Mkuu wa wilaya alifika mwenyewe.

"Mama, moshi umeisha. Nifungue barabara?"

"Mzee, sufuria ukiifunika, mvuke huuoni. Kwani uji umeacha kuchemka?"

"Mwaka ule ulisema hivihivi. Ukikosea tena je?"

"Nikikosea watanicheka. Nimeshazoea. Lakini waliopanda washuke sasa hivi, na mwingine asipande."

Nilisikia tangazo la kipaza sauti nikiwa kwenye foleni ya maji. Nilisema kwa sauti, "Mama Kesho huyo tena," na watu wakacheka. Kati ya ng'ombe wangu mmoja alikuwa na mimba, siku zake zimefika. Nikapita njia ya mashambani, nyuma ya kizuizi. Kipande changu kilikuwa mfukoni.

Saa nne na robo marehemu alifika penye kizuizi. Ubao ulikuwa mtupu. Askari akampigia saluti.

"Wote wameshuka, mama."

"Mdogo wangu je?"

"Huyo leo hakupita kabisa."

Askari alifurahi. Dada hakufurahi. "Siku nane mfululizo amepanda kukamua," alisema. "Leo ng'ombe anazaa, halafu yeye asipande?" Hakungoja jibu. Alimwambia mumewe awashe gari.

Walinikuta zizini saa tano kasoro dakika tano. Ardhi ilikuwa inatetemeka mfululizo, maziwa yakimwagika kutoka kwenye ndoo, na mimi nimeshika miguu ya ndama iliyokwisha kutoka nje.

"Toka."

"Dada, dakika kumi tu, kichwa kinakuja."

"Toka, nimesema!"

"Utaniambia kesho—"

Alinipiga kofi. Nilikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja, mwenye ndevu. Nikamfuata nikiwa na damu ya ng'ombe hadi viwikoni. Tulikuwa kwenye kona ya tatu mlima ulipopasuka, na nilipogeuka sikuona nyumba yetu wala msitu, niliona ukuta wa kijivu unateremka. Mti ulioanguka ulivunja kioo cha nyuma. Majivu ya moto yakaingia ndani ya gari, na Shemeji akaendesha kwa kukumbuka barabara, maana hakuiona. Jioni mtaa wa juu haukuwepo. Watu elfu moja mia tatu na sita waliokuwa wakiishi huko walihesabiwa chini, na hakuna aliyepungua.

Marehemu alistaafu mwaka 2011. Kikohozi kilikuwa kimemwanza tangu 2003, na kuanzia 2016 alikuwa hatembei bila mtungi wa oksijeni. Daktari alisema mapafu yake yalikuwa na makovu. Nilipojaribu kuzungumza naye wodini kuhusu asubuhi ile ya mlipuko alinikatiza: "Nimevuta salfa miaka thelathini na tano. Wewe unataka sifa zote kwa asubuhi moja?" Nikacheka. Alifariki tarehe 19 Juni 2019, saa nane mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Sasa ukurasa wa mwisho wenyewe. Ripoti ya kituo ya tarehe 14 Oktoba 1998 inasema marehemu alipanda kumfuata "mkazi mmoja" asiyetajwa jina, na kwamba barakoa yake ya gesi aliidondosha njiani kwa uzembe. Aliandika hivyo mwenyewe. Alipewa barua ya onyo, na kijana mmoja wa kituoni alikuwa akiisimulia kama kichekesho: mtaalamu mzima wa volkano amepoteza barakoa siku ya volkano. Alivumilia kichekesho hicho miaka ishirini, kwa sababu aliyekwepa kizuizi angeshtakiwa, na kwa sababu aliyekwepa alikuwa mimi.

Barakoa haikudondoka. Ndani ya gari zilikuwa mbili. Moja aliivaa dereva, maana bila yeye tungekufa wote. Ya pili dada aliivua usoni kwake, akanivalisha mimi, na nilipotaka kuirudisha alinikalia mikono. Shemeji anajua. Aliahidi kunyamaza, nami nikaifanya ahadi yake kuwa maficho yangu. Naomba kituo kiisahihishe ripoti.

Ameacha mume, binti mmoja, mwana mmoja, wajukuu watano, na mdogo wake, mwenye miaka sitini na miwili na mapafu mazima.

Mungu ampumzishe mahali pasipo na kikohozi.