Bi Onja, Mpishi Aliyeachana na Moto

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo, usogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka mpishi. Amefariki wiki iliyopita, nyumbani kwake, kwa maradhi ya mapafu. Wengi mlimjua kwa jina moja tu, Bi Onja.

Nasema mpishi, na najua kuna mtu huko aliko anaguna. Maana miaka yake ya mwisho Bi Onja hakuwasha jiko hata mara moja. Hakuchemsha, hakukaanga, hakuchoma. Alitengeneza chakula kibichi, na watu walipanga foleni dirishani kwake. Mimi ni mtu wa nyama, hilo mnalijua na mmenisema sana. Nilikwenda pale kwa mashaka, nikarudi nimebeba mabakuli mawili na la tatu nimeshalimaliza njiani.

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya hayo yote, Bi Onja alikuwa mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda cha nguo. Ndiko alikopatia jina. Ukipita tu mlango wa jikoni, uwe mfumaji au uwe meneja, umekwisha. Anakushika mkono, anakudondoshea tone la mchuzi mgongoni mwa kiganja. "Onja kwanza," anakwambia, "maneno baadaye." Ukisema chumvi haitoshi, anaongeza. Ukisema imezidi, anakuuliza kama umepiga mswaki.

Jikoni mle walitumia kuni. Kulikuwa na masufuria ambayo ungeweza kumwogeshea mtoto, na dirisha moja dogo ambalo moshi ulipitia pale ulipojisikia. Mdogo wake wa kike, ambaye ni fundi cherehani, ananiambia kwamba harufu ya moshi ilimtangulia dada yake kuingia nyumbani, na dada akiondoka harufu inabaki imekaa kwenye kochi. "Tulikuwa tunamtania," anasema. "Tulimwita samaki wa kukausha. Tulicheka sana. Hatukujua tunacheka nini."

Kikohozi kilianza kama vinavyoanza vikohozi vyote. Akanywa asali, akanywa tangawizi, akasema ni vumbi la pamba. Kisha siku moja, chakula cha mchana kikiwa tayari kupakuliwa, alikaa chini sakafuni na mwiko mkononi, pumzi haiingii wala haitoki. Wafumaji ndio waliombeba.

Daktari alipiga picha ya kifua. Akasema basi. Basi moshi, basi mvuke, basi mafuta ya kukaangia. Asikae karibu na jiko la aina yoyote. Bi Onja aliuliza swali moja tu, na uji je? Daktari akamwambia hata uji.

Hebu fikiria, msikilizaji. Mtu aliyependa kupika kuliko kulala. Mtu aliyekuwa akikaa msibani au harusini anachungulia jikoni kuona wametia nini. Huyo ndiye aliyeambiwa hata uji.

Alikaa kitini miezi mingi. Mumewe ni fundi wa kuchomelea vyuma, ana karakana mtaa wa pili. Bwana huyu alijenga bafu dogo la mabati nyuma ya nyumba. Akitoka kazini anavua nguo nje, anaoga, anabadilisha, ndipo anaingia ndani, ili asimletee mkewe harufu ya moshi wa chuma. Mvua inyeshe, jua liwake, anaoga nje. Nataka mlijue hilo mapema, kwa sababu kuna jambo nitalisema juu yake, na sitaki mtu amchukie.

Chakula kilikuwa kinaletwa na jirani. Bi Onja anaonja, anaweka kijiko chini, anageukia dirisha. Mpaka siku mdogo wake alipokuja na embe bichi kwenye mkoba, la kula njiani na chumvi. Dada mtu akalitazama. Akaomba kisu. Akalimenya, akalikata nyuzi nyembamba, akatafuta karoti akaikata vilevile, akakamulia ndimu, akaponda korosho juu yake. Kisha akamshika mdogo wake mkono na kumdondoshea maji ya kile kitu mgongoni mwa kiganja.

"Akaniambia, onja kwanza," anasimulia fundi cherehani. "Nikaanza kulia pale pale. Nilikuwa sijamsikia akisema vile tangu alipoanguka."

Basi mpishi akarudi. Wasikilizaji wapendwa, alirudi kwa kishindo. Tango alilichana vipande vipana vyembamba kama karatasi, akakunjia parachichi na kitunguu ndani. Nyama laini ya dafu aliikata kama tambi, akaimwagia nyanya zilizosagwa na pilipili. Papai bichi alilikuna. Nyanya alizianika juani hadi zikasinyaa na kuwa tamu kama tunda. Tende na korosho alizitwanga, akashindilia kwenye bati la keki, akaweka kwenye friji, na ukikata kipande huamini kwamba hakijaona oveni.

Msidhani alipatia tu. Siku ya kumuaga mfumaji mmoja mstaafu, kiwanda kilimwomba atengeneze chakula cha watu wote. Akaamka alfajiri, akakata kabichi na tango beseni kwa beseni, na akatia chumvi hapo hapo, ili iingie vizuri. Ndivyo afanyavyo mpishi wa moto. Lakini mboga mbichi ukiitilia chumvi mapema inatoa maji yake yote. Kufika mchana, kabichi ilikuwa inaogelea. Wafumaji wakaanza kumtania kwamba leo amewaletea maji ya dobi. Bi Onja hakuhangaika kujitetea. Alikamua yale maji yote, akayatia ndimu, tangawizi na pilipili, akayagawa kwenye vikombe kabla ya chakula. Walimaliza vikombe wakaulizia vingine. Tangu siku hiyo alitia chumvi mwisho kabisa, mtu akiwa ameshakaa mezani.

Dirisha la sebuleni kwake likawa kantini. Wafumaji walikuja mchana, wakaja na walimu, wakaja watu wenye sukari na presha waliotumwa na madaktari wao. Kila wiki kitu kipya. Watu walisema mama huyu kichwa chake hakilali.

Sasa lile jambo nililosema. Katika mtaa mzima kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakula chakula cha Bi Onja. Mumewe.

Mara ya kwanza alisema kwa utani, "Mimi si mbuzi." Watu wakacheka, mke pia akacheka. Mara ya pili hakuna aliyecheka. Baada ya hapo aliacha hata kusema. Alikuwa anapitia kwenye kibanda cha chipsi pale kona, anakula, anakwenda kuoga, anaingia ndani, anakaa mezani na kusema hana njaa. Anajifanya hana hili wala lile. Lakini mke wake alikuwa mpishi. Harufu ya mafuta ya kukaangia haimpiti mpishi.

Hakumgombeza. Alimwekea sahani kila siku, akaifunika. Kila asubuhi mdogo wake alipopita kwenda kazini, aliikuta palepale, haijaguswa, akala yeye. "Unene huu wote ni wa shemeji yangu," ananiambia, akijipiga kiuno. Halafu akaniambia kitu ambacho sijakisahau.

"Nyinyi mlikuwa mnamsifu kwamba ni mbunifu. Kila wiki kitu kipya. Hakuwa anawabunia nyinyi. Alikuwa anatafuta kitu ambacho mume wake atakula."

Nilikwenda kumwona mume karakanani. Nilimkuta amekaa juu ya geti ambalo halijakamilika, mashine imezimwa. Sikujua nimuulizeje. Alianza mwenyewe. Alisema chakula kile kilikuwa kinamtisha. Alisema akiona sahani ya baridi, anaona ile picha ya kifua.

"Nilijiambia nikila, ndiyo nimekubali kwamba hatapona," alisema. "Nilikuwa namsubiri arudi kwenye jiko. Jirani akaniomba nimuuzie lile jiko letu, nikakataa. Kila Ijumaa nalifuta vumbi. Mke wangu akafikiri nakidharau chakula chake. Na mimi sikumweleza. Ningemwelezaje?"

Wasikilizaji wapendwa, nilikaa na mzee huyo, na roho iliniuma. Mmoja anatengeneza ili apendwe. Mwingine anakataa kwa sababu anapenda. Na nyumba ni moja, meza ni moja.

Mwezi uliopita Bi Onja aliacha kutoka kitandani. Dirisha likafungwa. Jumamosi moja mchana aliomba ubao wa kukatia. Mume akamwekea mapajani. Akaomba parachichi, kitunguu, nyanya, ndimu. Alikata kidogo, akapumzika, akakata tena. Mume anasema ilichukua mchana mzima kukata kile ambacho zamani angekikata huku anakusimulia habari. Chumvi akatia mwisho. Lilikuwa bakuli moja, kijiko kimoja. Akaonja, akaliweka juu ya kistuli, akajilaza.

"Hakunipakulia," mume aliniambia. "Alikuwa ameshanikatia tamaa. Hilo ndilo lililoniuma. Nikachukua kijiko mwenyewe."

Akala. Akala kijiko cha pili, na cha tatu. Anasema hakujua kwamba ana njaa kiasi kile, njaa ya miaka. Alimaliza bakuli lote, machozi yanadondokea humo humo. Mke wake alisikia kijiko kinagonga bakuli. Akauliza polepole, "Kinalika?"

"Sauti ikakwama," alisema mume. "Nikaitikia kwa kichwa, kama mjinga. Yeye alikuwa amefumba macho."

Bi Onja alilala. Asubuhi yake hakuamka.

Amefariki Bi Onja, mpishi wa kantini ya kiwanda cha nguo, na mpishi wa dirishani ambaye hakuhitaji jiko. Kwa niaba yenu na kwa niaba yetu sote hapa studio, tunampa pole mumewe. Tunampa pole mdogo wake, na wafumaji waliombeba siku ile alipoanguka jikoni. Mungu awape subira.

Nawe unayenisikiliza, huenda muda huu kuna sahani imefunikwa mahali inakusubiri. Sijui imetiwa nini. Sijui unaiogopea nini. Ifunue. Ukishindwa kuila, basi mweleze aliyekuwekea ni kwa nini, asije akabaki anajiuliza. Na ukila, usiitikie kwa kichwa. Fungua mdomo useme.

Nilipokuwa naaga pale karakanani, mume aliniomba niseme neno moja hewani. Nilimwambia aje aseme mwenyewe. Akasema hataweza, sauti itakwama tena. Basi nalisema mimi kwa niaba yake.

Bi Onja, mumeo anasema kilikuwa kitamu. Anaomba radhi kwa kuchelewa kujibu.