Msiba wa Pili wa Fundi Yeremia Dadi

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi mpwa wake Ambrosi nasimama kusoma maisha ya mjomba wetu, fundi Yeremia Dadi, na wazee mliopo mtanivumilia, maana ninyi mliwahi kumlilia, miaka arobaini na mitatu iliyopita, naye akaja akawakuta nywele hazijaota sawasawa.

Marehemu alizaliwa Mnyambe tarehe 5 Mei 1884, mtoto wa tatu wa mzee Dadi na mama Sijaona, akasoma shule ya misheni Chiungutwa kuanzia 1893 hadi 1899, ambako hesabu zilimshinda lakini sindano ilimkubali, na mwaka 1900 akaanza kazi ya cherehani Masasi. Agosti 1905, vita vya Maji Maji vilipofika, alikimbilia Lindi na cherehani kichwani, akimwacha Newala mchumba wake, Severina.

Huko Lindi alichukuliwa na Mjerumani mmoja mkusanya vipepeo awe mpishi na fundi wake, wakapanda meli tarehe 12 Machi 1906, na walipofika Napoli wakahamia chombo kidogo cha matanga, wakaambaa pwani ya Mediterania hadi Jenova kwa wiki kumi na moja. Siku tatu za mwanzo mtu huyu wa uwandani alitapika hata ambacho hakula, siku ya nne tanga likachanika, akalishona, na tangu hapo akawa mtu wa heshima chomboni. Alifurahi, jamani, alifurahi kweli, jua liliwaka bila kuchoma shingo, maji hayakupwa na kujaa kama ya Lindi, kila ghuba ilikuwa na mji wake wenye nguo zilizoanikwa toka dirisha hadi dirisha, na bibi mmoja wa kisiwani alimjazia tini kofiani kwa kumshonea kifungo kimoja tu. Siku ya mtakatifu wa mji mmoja, vyombo vyote vilitoka kwa maandamano, naye akaketishwa omoni, mbele kabisa ya chombo, na ngoma, akawapigia mdundo wa Kimakonde mpaka mapadri wakatikisa mabega.

Furaha hiyo ndiyo iliyomponza. Alitaka Severina aionje mapema, akamshonea gauni la buluu, akalitia sandukuni pamoja na zawadi, akalitanguliza kwa meli bila barua, akisahau kwamba kwetu, tangu enzi za misafara, mzigo ukirudi bila mwenyewe, mwenyewe amekufa. Sanduku lilifika Newala tarehe 3 Oktoba 1906, mwaka wa njaa, na wapagazi hawakujua lolote, kilio kikapigwa, watu wakanyolewa, wakala ming'oko, mizizi ya porini, kwa kukosa ugali, na Severina akaletewa kaniki ya msiba, akakataa kuifunga. Aliwatandazia wajomba zake lile gauni, akawaonyesha pindo lililoshikizwa tu kwa uzi mweupe, akasema, "Yeremia haachi kazi katikati. Pindo hili atakuja kulimaliza." Wajomba walisema majonzi yamemvuruga akili.

Tarehe 19 Desemba marehemu alitokea njiani amenenepa, watu wakatimua mbio, na Severina alimpa sindano kabla ya kumpa maji ya kunywa. Walifunga ndoa tarehe 9 Februari 1907, bibi harusi akiwa ndani ya gauni la buluu, wakajaliwa watoto sita, mkubwa wao Maria, na marehemu alishona hapa Newala miaka arobaini na miwili, akisimulia ghuba zake kwa kila aliyekuja kupimwa suruali.

Machi mwaka huu alianza kuugua kifua, akalazwa Ndanda tarehe 20 Mei, akafariki tarehe 8 Juni 1949 alfajiri. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliomshusha kwa machela, na mafundi wenzake waliofunga kazi kuja kumsindikiza.

Mama Severina, kama mnavyomjua, hakukubali neno la mtu. Jana aliingia kibandani kwa marehemu, akageuza nguo za wateja moja baada ya nyingine, akakuta kila pindo limeshonwa, ndipo akatoka na kuomba kaniki.

Pumzika kwa amani, fundi, kazi umeimaliza.