Bibi Eufrazia na Fungu la Kumbikumbi

Ndugu waombolezaji, poleni kwa msiba na poleni kwa mwendo, hasa ninyi mlioteremka milimani kwa miguu. Marehemu hakupenda maneno mengi, isipokuwa yakiwa ya wajukuu wake, hapo alikuwa hanyamazi.

Bibi Eufrazia Kobelo alizaliwa Mgeta, katika milima ya Uluguru, tarehe ambayo haikuandikwa, akabatizwa tarehe 12 Mei 1912 akiwa bado anabebwa mgongoni, akasoma shule ya misheni hadi mwaka 1923, baba yake aliposema inatosha, neno ambalo hakumsamehe mpaka alipomzika. Alifanya kazi ya kuanika katani kwenye mashamba ya mkonge, akafunga ndoa na marehemu Mzee Kondo tarehe 8 Septemba 1930, wakajaliwa watoto sita, ambao watatu kati yao wametutangulia. Mwaka 1974 alihamia nasi katika kijiji hiki cha ujamaa, hapa karibu na Mikese, akililalamikia joto njia nzima.

Hapa ndipo alipowalea wajukuu watatu, watoto wa mwanawe Mikaeli, na kila mvua za vuli zilipofungua vichuguu, aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa akiwatazama wakikamata kumbikumbi, akacheka hadi machozi. Rosa aliwatia mdomoni wangali wanapigapiga mabawa, Athanas aliwapanga kwa ukubwa akiuliza malkia wao yuko wapi, na Josephina, jamani, huyo alipanda kitandani na kupiga mayowe, hata kwa sisimizi mmoja. Novemba 1975 Mikaeli, aliyechoka kuchekwa na wenzake kwa mayowe ya binti yake, alisema samaki mkunje angali mbichi, akaapa kumtumbukiza Josephina mikono yote miwili kwenye ndoo ya kumbikumbi, na kwamba asiyekamata asile, maana hata kwenye mikutano tunaambiwa asiyefanya kazi na asile. Bibi akasimama kati ya ndoo na mtoto, akamwambia mwanawe kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake, na kama ana hamu ya kumtumbukiza mtu basi aanze na mama yake mzazi. Josephina akapewa fungu lake lililokaangwa kwa chumvi, sawasawa na wenzake, hakuligusa, Rosa akalimaliza.

Machi 1976, tukipalilia shamba la kijiji, Josephina, ambaye hakukanyaga popote bila kuchungulia kwanza chini ya kila jani, alipiga mayowe kama kawaida yake, nasi kama kawaida yetu tukaendelea na majembe. Bibi peke yake ndiye aliyesema mayowe ya sisimizi si haya, akaenda, akageuza jani la hindi, akakuta viwavijeshi wachanga, wembamba kama uzi. Bwana shamba alifika na dawa kabla hawajakomaa, na mahindi tuliyokula mwaka ule, sisi sote tuliopo hapa, tuliyala kwa mayowe yale. Mikaeli alimbeba binti yake mabegani hadi nyumbani, na habari ya samaki hajaitaja tena.

Bibi alianza kuugua moyo Januari 1979, akalazwa Morogoro, akarudi nyumbani tarehe 2 Juni kwa kuomba mwenyewe. Asubuhi ya tarehe 9 Juni jongoo alipanda blanketi lake, naye hakuwa na nguvu ya kuinua mkono, na Josephina, machozi yakimtoka, alimshika jongoo yule kwa vidole vyake, akamtoa nje, akamweka kwenye majani, akarudi kando ya kitanda. Bibi alimtazama Mikaeli, akasema, haya, kakamata, mpe fungu lake. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho, akafariki saa tatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuchotea maji, wenzake wa shamba la kijiji, na Mikaeli, aliyekubali kukatazwa na mama yake. Udongo wa kwanza wa kutupa kaburini ukoo umempa Josephina, ndilo fungu lake, na kwa kuwa jongoo mmoja hamalizi woga, Rosa atasimama karibu naye. Pumzika kwa amani, Bibi Eufrazia, mtoto uliyemkinga hakuvunjika.