Joram Obiero Opiyo, Namba 318

Jumapili tarehe 8 Aprili 1945 mvua ilinyesha Nyakach tangu alfajiri, na mkunga alifika akiwa amelowa hadi kiunoni. Siku hiyo Joram Obiero alizaliwa karibu na Pap Onditi, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Opiyo na Mama Rosa.

Alisoma hapo hapo Pap Onditi, akafaulu mtihani wa darasa la nane mwaka 1962. Sekondari alikaa miaka miwili tu, akaacha ili wadogo zake wasome.

Machi 1967 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo Kisumu, namba 318. Alianza kwa kufagia, akawa mfumaji, na kuanzia 1978 akawa fundi wa mitambo ya kufumia. Kelele za mitambo zilimzoesha kuongea kwa sauti kubwa. Kanisani akimnong'oneza jirani, mhubiri ndiye aliyemjibu.

Kiwandani alimpata Maximilla Nasipwondi wa kitengo cha nyuzi, mzaliwa wa Bungoma. Walifunga ndoa tarehe 19 Desemba 1970.

Kuanzia 1991 pamba ilikuja kidogo kidogo, na soko la Kibuye likajaa mitumba. Tarehe 30 Aprili 1993 wafanyakazi walipewa likizo isiyo na mwisho. Meneja aliwaambia wasiende mbali: king'ora kikilia, watakaofika langoni kwanza ndio watakaoanza. Basi watu wa Nyalenda, mtaa wa wafanyakazi huko Kisumu, walikaa wakisikiliza. Akina mama waliopika karibu na lango walizima majiko. Vyumba vya kupanga vilifungwa kufuli. Watoto walirudishwa mashambani katikati ya muhula. Obiero hakuja Pap Onditi hata kupanda mahindi. Kila mwaka sauti yake ilipungua, mwishowe ilibidi umsogelee ndipo umsikie.

Kikohozi kilimwanza mwaka 1994. Alifariki nyumbani kwake Nyalenda Jumanne tarehe 6 Februari 1996, saa tatu asubuhi. Ameacha mjane, Maximilla, watoto Jentrix, Gordon na Lornah, wajukuu wanne, na ndugu mmoja. Mungu amlaze mahali pasipo na kungoja.

Hapa matangani imesemwa kwamba mkewe alikataa kumpeleka Nairobi. Haikuwa hivyo, na inafaa iandikwe.

Daktari alitoa barua ya kumpeleka hospitali ya Nairobi. Nasipwondi aliuza cherehani yake, akakata tiketi mbili za basi la Ijumaa tarehe 15 Septemba 1995. Obiero alikubali. Mkoba ulikuwa tayari.

Alhamisi saa nne, jua kali bila wingu, king'ora kililia. Obiero, ambaye kwa wiki mbili hakuwa amepita choo cha uani, alivaa ovaroli akatoka. Nasipwondi alimshika mkono njia nzima. Langoni walikuta watu wapatao mia tatu, wengine na mabuti yao ya kazi. Ndung'u, mwenye duka lililotazamana na lango, alimtania kama zamani.

"Mia tatu kumi na nane, hata leo umechelewa?"

Obiero peke yake ndiye aliyecheka. Kisha mlinzi, Bwana Shitanda, akatoka, kofia mkononi.

"Rudini nyumbani, watu wangu. Ni mnunuzi wa vyuma chakavu. Alikuwa anakijaribu."

Watu walikaa kidogo, wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Njiani Obiero aliongea kwa sauti yake ya kiwandani, majirani wote wakasikia.

"Mama Jentrix, umesikia? Bado kinalia. Nikiwa Nairobi, nani atanishikia nafasi?"

Nasipwondi alimbembeleza mchana kutwa. Jirani aliitwa, na mchungaji pia. Obiero aliwasikiliza wote kwa heshima.

Asubuhi iliyofuata alikuwa amevaa ovaroli kabla ya saa kumi na mbili. Alitoa stuli nje, akaketi uso ukielekea kiwandani. Nasipwondi alisimama kando yake na mkoba mkononi hadi saa mbili, basi lilipoondoka. Kisha akaurudisha mkoba ndani, akamletea chai.