Maisha ya Dada Yetu Pua, Aliyeitafuta Harufu ya Mama

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake mliofika, huyu tuliyemleta hapa leo alikuwa dada yangu, mtoto wa kwanza wa mama yetu. Mimi ni mdogo wake, wa pili na wa mwisho. Wengi wenu mnajua kwamba mimi na yeye tulikaa miaka mingi bila kusemezana, kwa hiyo mnajiuliza kwa nini nimesimama mimi. Hata mimi nilimuuliza mume wake, Fundi Saa. Akaniambia, "Shemeji, mimi nilimkuta mtu mzima. Wewe ndiye unayemjua tangu mwanzo." Nilijifunza kusoma ukubwani, basi mnivumilie nikienda polepole. Sitampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nitasema alivyokuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Baba yetu alikuwa mpaka rangi wa mabehewa, naye alifariki mimi nikiwa bado nanyonya. Mama alishona magodoro. Chumba cha mbele kilijaa nyasi kavu na sufi hadi usawa wa dirisha, na uzi wake mama aliupitisha kwanza kwenye bonge la nta ya nyuki ili usikatike. Mtoto wake wa kwanza alinusa kila kitu kabla ya kukishika. Mama akimtuma kupokea nyasi kwa muuzaji, alitumbukiza uso kwenye furushi na kusema, "Hizi zimelala na maji." Muuzaji alikuwa akimfokea, kisha wakifungua furushi wanakuta katikati pameoza. Jina la Pua lilianzia hapo, likamganda. Ndilo lililoandikwa hata kwenye ubao wa duka lake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1973. Mwezi Januari 1980 alikwenda sekondari ya bweni, na mwaka huohuo miguu ya mama ikaanza kuvimba. Alihitajika mtu wa kuchota maji, kupika, na kumsugua mama miguu jioni. Mimi nilikuwa na miaka minane, nimekaa darasani mwaka mmoja. Mama alisema, "Mmoja asome, mmoja abaki." Hakuna aliyeuliza abaki nani. Pua alipanda gari na sanduku lake la bati, nami nikarudi ndani kuwasha jiko. Sijawahi kulisema jambo hili mbele ya watu, ila naye alilijua. Akirudi likizo tulilala kitanda kimoja, naye alikuwa akiniandikia herufi mgongoni kwa kidole, mimi nabahatisha ni ipi. Nikikosa ananifinya. Nikipata, ananifinya pia, kisha tunacheka ndani ya shuka hadi mama agonge ukuta.

Mwaka 1986 aliajiriwa kiwanda cha sabuni, chumba cha kupimia manukato, akahamia hukohuko. Mwaka 1993 kiwanda kilimpeleka masomoni mbali, ng'ambo, akajifunze kutengeneza manukato kwa vitu vya asili tupu. Huko alijua kukeneka, yaani kuchemsha kitu, kuukamata mvuke wake na kuupoza hadi harufu ibaki kwenye matone. Aliporudi aliacha kazi ya kiwandani na kufungua chumba chake nyuma ya duka la saa. Waridi na asumini hakuvishughulikia sana. Alisema kila mtu anavyo. Yeye alikeneka udongo wa chungu uliochomwa, na matone yake yalinukia kama uwanja uliopata mvua ya kwanza. Alitoa harufu kwenye mwani, kwenye nyasi kavu, kwenye masega matupu ya nyuki. Alikuwa na jiwe jeusi linalookotwa kwenye miamba wanakoishi pimbi, nalo si jiwe hasa, ni mkojo wao uliogandamana vizazi na vizazi. Siku moja mteja mmoja, mama mwenye hereni nzito, alijipaka mkononi, akafumba macho, akauliza ni ua gani hilo. Dada akamjibu, "Mkojo wa pimbi, mama. Umekaa juani muda mrefu. Hata wa kwako ungekaa hivyo ungenukia." Yule mama alinunua chupa mbili. Pua yake ikichoka, dada alikunja mkono na kunusa ndani ya kiwiko chake mwenyewe. Alisema hapo ndipo nyumbani, mtu akishafika nyumbani anaweza kutoka tena.

Mama yetu alifariki tarehe 14 Juni 1994, Pua akiwa ng'ambo. Hakuwahi mazishi. Majirani walinisaidia, wakafua kila kitu, mashuka, magauni, hata mapazia. Walifanya kwa wema. Niliwahi kuokoa kitu kimoja tu, kitambaa cha bluu alichojifunga mama kichwani hadi siku ya mwisho. Nilikiweka kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga lenye kifuniko cha kubana, nikalificha chini ya kitanda. Nikizidiwa nilifungua, nikanusa, nikafunga. Mimi ndiye niliyelala na mama miaka yote ile, na ndani ya kopo mama alikuwepo.

Pua aliporudi mwaka 1995 nilimwonyesha. Alinusa mara moja, akafunga haraka.

"Inakwisha," akasema. "Kila ukifungua unampunguza. Nipe niitoe, niiweke kwenye chupa, ikae."

"Hapana, dada."

"Mdogo wangu, kazi yangu ni hii."

"Na mama yangu ni huyu. Hapana."

Siku ya pili nilikwenda sokoni. Niliporudi, kopo lilikuwa mahali pake na kitambaa hakimo.

Alikirudisha baada ya wiki moja, akiwa na chupa ndogo mkononi. Kitambaa kilikuwa kimepauka kama jivu, na kilinukia kama chumba cha sindano. Alikuwa amekilowesha kwenye spiriti kama alivyozoea kulowesha nta na nyasi, akisubiri harufu iingie humo. Kilichoingia ni rangi. Chupa ilikuwa na maji ya bluu mazuri kabisa.

"Umekifua," nikamwambia.

"Sikukifua. Nilikuwa namtoa."

"Umemtoa ukamweka wapi?"

Alinipa chupa ninuse, nami nikanusa. Palikuwa na spiriti, basi. Nikamwambia atoke kwangu. Walinioshea mama mara mbili, majirani kwa kutojua na dada yangu kwa elimu.

Tarehe 21 Septemba 1996 aliolewa na Fundi Saa, mwenye lile duka la mbele. Mimi sikwenda harusini. Fundi Saa ni mtu asiyesikia harufu ya chochote, hata maziwa yakiungua, na dada alisema ndiyo sababu alimchagua, apate nyumba ambako hakuna anayembishia. Walijaliwa binti mmoja. Waliishi kwa kutaniana hadi mwisho. Akiulizwa ameoa nani, Fundi Saa alikuwa akisema, "Nimeoa pua, mwili mwingine ulikuja kama nyongeza."

Miaka yote hiyo Pua alinitumia vipande vya kitambaa cheupe kupitia kwa binti yake. Kila kimoja alikuwa amekidondoshea mchanganyiko mpya, akimtafuta mama. Nyasi kavu, nta, sufi, jiwe la pimbi kidogo kwa ajili ya joto la utosi. Binti alikuwa akisema, "Mama mdogo, anauliza kama ni yeye." Nilikuwa navining'iniza kwenye dirisha la choo. Wenye kunitembelea walinitania, eti kwangu mtu anakwenda haja na kutoka kama anatoka kwa mfalme. Nilikuwa namwambia yule mtoto, "Mwambie siyo." Nami nilisema kweli. Havikuwa na harufu ya mama yangu.

Mwezi Mei 2023 marehemu alianza kutokwa na damu puani. Madaktari walikuta uvimbe nyuma ya pua. Alipigwa mionzi kwa wiki nyingi, uvimbe ukapungua, na harufu zote zikaondoka. Chumba chake kilifungwa. Fundi Saa anasema alikuwa akiingia humo, anafungua chupa moja moja, anaweka puani, anafunga, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba zilizohamwa.

Mwaka jana mwezi Agosti alikuja kwangu, amekonda, amebeba sanduku lake la chupa. Alisimama mlangoni. Sikumkaribisha, ila sikufunga.

"Pua yangu imekufa," akasema. "Nimekuja kuomba ya kwako."

"Leo ndiyo umekumbuka kwamba nina pua?"

"Nilijua siku zote. Wewe ndiye uliyelala naye."

Nikampisha apite. Aliketi jikoni, akapanga chupa mezani. Ya kwanza aliyonipa ilikuwa ile ile, nyasi na nta. Nikamwambia, kama nilivyosema siku zote, huyu simjui.

"Humjui?" akasema. "Huyu ndiye mama. Anashona, ana uzi mdomoni. Ananisuka huku nimekaa katikati ya magoti yake."

Ndipo tukatazamana. Yeye aliondoka nyumbani mama akiwa mzima, akiwa na nguvu, chumba kimejaa nyasi. Mimi huyo simkumbuki kwa harufu. Mama niliyemlea mimi hakushona tena. Alinukia dawa ya kafuri ya kusugulia miguu, moshi wa jiko nililowasha mimi, na sakafu ya udongo niliyoimwagia maji asubuhi ili vumbi lilale. Dada yangu alikuwa amehangaika miaka yote akinitumia mama yake. Nami nilimning'iniza chooni.

"Basi niambie wa kwako," akasema.

Tulifanya kazi hiyo miezi mitano, siku alizoweza kuamka. Yeye alidondosha asichosikia, mimi nilinusa nisichojua jina lake. Aliweka udongo wake wa mvua, nikasema punguza, sakafu yetu haikulowa hivyo. Aliweka moshi, nikamwambia huo ni wa nyumba kuungua, sisi tulipika uji. Alikasirika, akaniambia nina pua ya mbuzi. Nikamwambia mbuzi anajua mamaye. Kafuri ilitusumbua sana, kila mara ilimfunika mama mzima. Nikichoka ananikunja mkono, ananielekeza ninuse kiwiko changu, kama alivyokuwa akifanya yeye.

Mwezi Januari mwaka huu, mchana, alidondosha kwenye kipande cha pamba na kunipa. Nilishika meza. Mama alikuwa nyuma yangu, anaomba maji.

"Ni yeye?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Pua alichukua ile pamba, akaibana usoni kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akavuta tena. Kisha akaiweka chini taratibu.

"Sisikii kitu," akasema. "Nieleze."

Nikamweleza. Nilimweleza mama wa miaka kumi na minne ambayo yeye hakuwepo, miguu yake, kikohozi chake, alivyoita jina la Pua akidhani mimi ni yeye. Alisikiliza hadi mwisho. Hakuniomba msamaha kwa maneno na mimi sikumpa kwa maneno. Alifunga chupa, akanisukumia.

"Usifungue mara kwa mara," akasema.

"Nitafungua nikitaka."

Akacheka hadi akakohoa.

Uvimbe ulirudi mwezi Februari. Alilazwa wiki mbili, akaomba arudishwe nyumbani. Alifariki tarehe 2 Machi 2025, alfajiri, kitandani mwake, Fundi Saa akimshika mkono mmoja na mimi mwingine. Ametimiza miaka hamsini na minane.

Jana tulipokuwa tunamvisha, nililileta lile kopo. Kitambaa cha mama nilikuwa nacho bado, kimepauka hivyo hivyo. Nilifungua chupa na kukidondoshea, tone kwa tone, hadi chupa ikaisha. Nikamfunga kichwani kama alivyojifunga mama. Binti yake aliniambia, "Mama mdogo, umemaliza yote." Nimemaliza, ndiyo. Mimi nilikuwa na mama miaka ile yote. Yeye hakuwa naye, na safari hii asifike mikono mitupu.

Ameacha mume, Fundi Saa. Binti mmoja na mkwe mmoja. Wajukuu wawili, mmoja wao tayari ananusa chakula kabla ya kula na anachapwa kwa hilo, naomba aachwe. Na mdogo wake mmoja, mimi.

Neno la mwisho ni kwa ndugu watakaokuja kugawa nguo. Koti lake la kazi, lenye madoa ya nta mfukoni, nimelikunja na kulishindilia ndani ya lile kopo, chini ya kitanda changu. Halijafuliwa. Asilifuate mtu, wala kwa sabuni, wala kwa spiriti, wala kwa wema.

Dada, nenda ukapumzike. Mmoja ameondoka, mmoja amebaki tena nyumbani.